Mume wangu husinzia akiendesha, na hataki tulale njiani

Mjomba, shikamoo.

Naandika mapema kabla Desemba haijatukuta, maana ikishafika hakuna anayesikiliza mtu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kimara. Mume wangu ni mtu wa Marangu, na watu wa huko unawajua, Krismasi hailiwi Dar. Kila tarehe 23 Desemba tunapakia gari tunakwenda kwa baba mkwe, tunarudi tarehe 2 au 3 Januari.

Ana duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Siku ya safari huamka saa 11 alfajiri kama siku zote, anashinda dukani kwa sababu mwisho wa mwaka ndio wenye wateja. Anafunga saa 12 jioni, foleni inamchelewesha, anafika nyumbani saa 2, anaoga, anakula, saa 3 usiku tunaondoka. Anasema usiku barabara ni nyeupe, hakuna jua, watoto wamelala, asubuhi tunakunywa chai Marangu. Miaka sita tumekwenda hivyo na Mungu ametufikisha.

Mwaka jana alikuwa na mafua, akameza Piriton kabla hatujatoka. Mimi nilikuwa nimeshinda nikipika na kufungasha, nikapitiwa na usingizi kabla hata hatujafika Chalinze. Nilichoamshwa nacho ni mlio wa kokoto chini ya gari. Saa ilikuwa 10 na dakika chache usiku, tumeshaipita Mkomazi tunaelekea Hedaru. Matairi ya kushoto yalikuwa nje ya lami. Nikamtazama. Mikono iko kwenye usukani, macho yako wazi, kioo cha upande wake kimeshushwa chote, redio iko juu, makopo mawili matupu ya enaji yako miguuni kwake. Lakini mwenyewe hayupo. Nikamwita jina mara mbili. Ya pili ndipo aliposhtuka akavuta usukani, gari likayumba mpaka upande wa pili wa barabara. Hapakuwa na lori linalokuja. Chupa ya maji ya mtoto iliviringika kutoka siti ya nyuma ikaja kugonga kisigino changu, na sauti ile mpaka leo naisikia.

Alisimama, akajimwagia maji kichwani, akasema alikuwa anakwepa shimo. Mjomba, pale hapakuwa na shimo. Tukaendelea na safari. Hatujalizungumza tangu siku ile. Nikiligusia tu ananiambia ninamchuria.

Mwaka huu kumeongezeka jambo. Mdogo wake, ana miaka 24, amenunua pikipiki, na anataka kuja nayo usiku huohuo nyuma yetu, "nafuata taa zenu tu, shemeji". Mume wangu amekubali.

Mimi leseni ninayo mwaka wa nne huu, napeleka watoto shule, naenda sokoni. Safari ndefu hanipi usukani. Anasema hawezi kuingia nyumbani kwao mbele ya baba yake akiwa amekaa siti ya abiria. Nilipomwambia tulale Korogwe alisema pesa ya gesti ni pesa ya mbuzi. Nyumbani anakoroma sana, na Jumapili anasinzia hata kanisani, lakini ukimwuliza atakwambia hajachoka.

Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mama wa Watatu, Kimara

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile shimo, kwa sababu naona ndilo linalokuuma kuliko yote. Mumeo hakukudanganya. Aliliona.

Nimeendesha malori miaka 22, mingi kati yake njia ya Tunduma. Usiku mmoja, tumeshapita Igawa tunatafuta Chimala, niliona ng'ombe mweupe amesimama katikati ya barabara. Nilimwona mpaka pembe, moja imepinda. Nikakanyaga breki mpaka mzigo ukalia nyuma. Tandiboi wangu akauliza, "Vipi mzee?" Nikamwambia si huyo ng'ombe. Akachukua tochi akashuka, akazunguka mbele, akamulika kulia na kushoto, akarudi akasimama mlangoni ananitazama jinsi unavyomtazama mgonjwa. Hakukuwa na ng'ombe. Ulikuwa usiku wangu wa pili bila kulala, na tajiri alikuwa anapiga simu kila baada ya saa moja kuuliza tumefika wapi. Kama upande wa pili kungekuwa na basi, au nyuma yangu kungekuwa na mtu anayenifuata karibu karibu, leo nisingekuwa nakuandikia.

Kwa hiyo mumeo aliposema shimo, kichwa chake kilikuwa kimempa shimo. Usingizi wa namna hiyo hauji na mto na shuka. Unamchukua mtu kwa sekunde mbili, tatu, nne, macho yakiwa wazi vilevile, kisha unamrudisha, na akirudi hajui kama alikuwa ameondoka. Akili inajaza pale palipokatika. Ndiyo maana kumwuliza dereva "umechoka?" hakusaidii. Anajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hajachoka.

Hizo sekunde nne ni ndogo ukiwa umekaa kwenye kochi. Gari likiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90, uwanja wa mpira unakaribia kuisha, na hakuna mtu kwenye usukani.

Sasa nihesabie na zile saa. Aliamka saa 11 alfajiri, na matairi yalitoka nje ya lami saa 10 usiku. Ni saa 23 macho. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha matokeo ya kazi rahisi kuielewa: waliwakesha watu, wakawapima wepesi wa akili na mikono, halafu siku nyingine wakawapima watu haohao wakiwa wamekunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 alikuwa sawa na mwenye kiwango cha pombe cha 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya zinakukamata nacho. Akifikisha saa 24 alikuwa kama mwenye 0.10. Mumeo asingekubali watoto wake wapande gari la mtu aliyekunywa kiasi hicho. Naamini angegombana na huyo mtu hadharani. Lakini alipotoka Kimara saa 3 usiku alikuwa tayari ana saa 16 macho. Alianza safari pale ambapo wenzake wanapaswa kuwa wanamalizia.

Tena alikwenda kukutana na saa mbaya kuliko zote. Mwili una saa yake, hauangalii una haraka gani. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri unashuka chini kabisa, hata kwa mtu aliyelala vizuri jana yake, na unashuka tena kidogo mchana, saa 8 mpaka saa 10. Waulize madereva wenzangu wa zamani ni saa ngapi walipoteza rafiki zao.

Halafu kuna Piriton. Hapo, mwanangu, nilisimama kusoma nikashusha pumzi. Kidonge kile kinakausha mafua kweli, lakini kinaleta usingizi, na maelezo yake yenyewe yanaonya usiendeshe kikikulegeza. Dawa nyingi za mafua na kikohozi ziko hivyo. Mtu akiwa na mafua wiki ya safari, aende duka la dawa aseme wazi kwamba ataendesha, apewe isiyoleta usingizi, na aijaribu nyumbani siku moja kabla. Kama mafua ni makali mpaka hayaendi bila ile ya usingizi, huyo hapaswi kuwa kwenye usukani siku hiyo.

Enaji, kioo wazi, redio, maji kichwani: najua kila dereva anaviapia, na mimi niliviapia. Upepo wa baridi usoni na redio vilishapimwa Uingereza, Chuo Kikuu cha Loughborough, kwa kuwaweka watu wenye usingizi kwenye gari la kuigiza, lisilotoka barabarani. Vilisaidia kwa muda mfupi sana, kisha mtu akarudi palepale. Mumeo alikuwa na vyote viwili usiku ule na gari lilitoka nje ya barabara vikiwa vinafanya kazi. Kahawa na enaji zina nguvu kidogo kwa sababu ya kafeini, lakini huchukua karibu nusu saa kuingia mwilini, na zikiisha unabaki na deni lako lilelile la usingizi. Mirungi wala sitaki kuizungumzia, nimewaona ilikowafikisha, na kwetu Tanzania ni kosa la jinai.

Dawa ya usingizi ni kulala. Iko ya muda mfupi na iko ya usiku mzima, na lazima ujue ipi ni ya lini.

Ya muda mfupi ni hivi. Ukihisi macho mazito, unatafuta kituo cha mafuta chenye taa na watu. Si pembeni ya barabara, tafadhali, malori yanayokuja nyuma nayo yana madereva wenye usingizi. Unafunga milango, unakunywa kikombe kimoja cha kahawa, unalaza kiti, unaweka simu ikuamshe baada ya dakika 20. Kahawa inaanza kufanya kazi wakati unaamka. Usipitilize ukafika dakika 40, utaamka na mang'amung'amu mabaya kuliko uliyolala nayo. Ukishaamka shuka, tembea dakika kumi, nawa uso, ndipo uwashe gari. Hiyo inakununulia saa moja, pengine mbili. Haikununulii usiku mzima. Usingizi ukirudi mara ya pili, safari ya siku hiyo imekwisha, mtafute pa kulala.

Lakini ningependa msifike huko. Safari ya Moshi inaharibikia Kariakoo, haiharibikii Hedaru. Kwa hiyo mpango wangu kwenu unaanzia dukani.

Duka lifungwe tarehe 22 jioni, au tarehe 23 aachiwe kijana wake auze. Usiku wa tarehe 22 mumeo awe kitandani saa 3, simu iko sebuleni, na wewe pia. Nasisitiza na wewe, kwa sababu usiku ule wa mwaka jana gari lenu lilikuwa na watu wazima wawili na wote wawili walikuwa wamelala. Kupika na kufungasha kuishe tarehe 21. Mkubwa wa watoto wako kama amefika darasa la nne anaweza kukunja nguo zake na za wadogo zake. Mnaamka saa 10, mnatoka Kimara saa 11 alfajiri, mnaipita Kibaha kabla haijachangamka.

Mkitoka hivyo, Chalinze mnafika asubuhi, na Segera mnakunywa chai. Kunyweni chai kweli, msinunue chapati dirishani mkaendelea. Mkifika Korogwe mko karibu nusu ya njia. Hapo na Mombo ndipo wengi wanapoagiza nusu kuku na sahani ya chipsi, wanakula mpaka wanalegeza mkanda, kisha wanaingia kipande kigumu kuliko vyote. Ukishaiacha Mombo, milima iko kulia kwako, kushoto ni nyika, barabara imenyooka, upepo wa joto, hakuna cha kumwamsha mtu. Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same. Usiku au mchana, kipande hicho kinabembeleza. Kwa hiyo Mombo kuleni chakula chepesi, ndizi, embe, mayai, maji mengi, halafu mapumziko ya nusu saa chini ya mti, watoto wakimbie. Same mtafika kama saa 8 mchana, saa ileile mwili unapolegea. Simameni tena hata kama hamna haja. Saa 11 jioni mko Marangu, bado kuna jua, na mzee anawaona mkishuka.

Akisema tarehe 23 hawezi kuliacha duka kwa namna yoyote, basi afunge saa 7 mchana, mtoke saa 9, mlale Korogwe. Chumba cha gesti ya kawaida hakifiki bei ya mbuzi wa Desemba, hata mkichukua viwili. Akitaka kupunguza mahali, apunguze kwenye kreti za soda.

Sasa suala la usukani. Mabasi ya safari ndefu hubeba madereva wawili. Lori la Ulaya lina sheria, dereva akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kuna kifaa kinachorekodi. Ninyi kwenye gari lenu mna madereva wawili wenye leseni, isipokuwa mmoja mmempa kazi ya kushika mfuko wa karanga. Hilo ndilo linaloniudhi katika barua yako nzima, na nalisema kwa mapenzi.

Najua jambo la heshima si dogo. Sitakwambia ulipuuze. Mtoto wa kiume anayeingia kwa baba yake anataka aonekane ameileta familia yake mwenyewe. Basi aionyeshe. Wewe endesha kutoka Chalinze mpaka Segera, asubuhi, macho yako mapya, yeye akilala siti ya pembeni. Atakapotoka Segera anakuwa mtu mpya. Mkipenda uchukue tena Same mpaka Himo. Himo mnasimama, mnanunua mkate wa wazee, mnabadilishana, na yeye ndiye anayepanda na gari Marangu mpaka uwanjani kwao. Baba mkwe atamwona mwanawe kwenye usukani, amenyooka, macho meupe.

Ila usije ukaanza siku hiyo. Kupeleka watoto shule si sawa na kulipita lori la trela mbili huku basi linakuja. Kuanzia mwezi huu, Jumamosi mbili tatu, nendeni Chalinze na kurudi, wewe ukiendesha, yeye pembeni. Jifunze kulipita lori, jifunze kuacha nafasi, jifunze kushuka mpaka 50 kwenye kila kijiji hata kama nyuma wanakupigia honi. Mumeo akikuona umefanya hivyo mara tatu, mkono wake wenyewe utaanza kukupa ufunguo.

Na yule ambaye hana usukani, kazi yake ni moja: macho. Kwenye lori, tandiboi akilala na dereva atalala, tulikuwa tunajua hivyo. Usimwulize "umechoka?" Mwulize, "Tumeshaipita Hedaru au bado?" Dereva ambaye hakumbuki kijiji alichokipita dakika kumi zilizopita ameshaanza kuondoka. Tazama anavyoyaingia matuta: akiyapanda bila kupunguza, au akishtushwa na rasta, vile vituta vidogo vidogo vya barabarani, kama vile zimeota usiku huu, simamisheni gari. Tazama mkono unaokwenda usoni kila mara, mwendo unaopanda na kushuka bila sababu, ukimya wa mtu aliyekuwa anaongea. Wekeni makubaliano mkiwa nyumbani, kwamba ukitamka "tusimame" anasimama kituo kinachofuata na hakuna mjadala. Na yeye apewe haki hiyohiyo ukiwa unaendesha wewe.

Shemeji yako nimemwacha mpaka sasa kwa sababu anahitaji nafasi yake.

Mwambie, na umwambie kwamba amesema Mjomba, asije usiku. Si kwa sababu ni mtoto, ana miaka 24, ni mwanaume mzima. Mtu wa gari akisinzia anatoka nje ya lami, pengine anaamshwa na kokoto kama mlivyoamshwa ninyi. Mtu wa pikipiki haamshwi na kitu, anaanguka. Na uchovu wa pikipiki ni mwingine kabisa. Upepo unamsukuma saa zote, shingo inashindana nao, masikio yanapigwa kelele ndani ya helmeti mpaka kichwa kinauma, vidole vinakufa ganzi kwenye mtetemo, maji yanamwisha mwilini bila kutoa jasho analoliona kwa sababu upepo unalikausha. Mtu aliyekauka maji akili yake inakuwa nzito, anachelewa kushika breki, anakata kona vibaya. Usiku juu ya hayo kuna taa kali za malori zinazomjia usoni na vumbi kwenye kioo cha helmeti.

Kuhusu kufuata taa zenu: hapo ndipo atakapojiumiza. Gari lenu linakwenda 80, pikipiki yake ndogo kwa usalama ni 60 hivi. Atakimbiza. Kila mtakapolipita lori na yeye atalipita bila kuona mbele, kwa sababu anaogopa kuwapoteza. Hapo ameacha kuisoma barabara, anasoma taa zenu tu.

Kilichobora ni apande nanyi au apande basi, pikipiki ibaki Dar. Najua hatakubali, pikipiki mpya lazima ionekane kijijini, nami nilikuwa na miaka 24. Basi atoke peke yake mchana, tarehe 22, siku moja kabla yenu, na aigawe safari mara mbili. Kilomita 550 kwa mwendo wa 60 ni zaidi ya saa tisa za kukaa juu ya tandiko bila kuhesabu kusimama. Siku ya kwanza afike Korogwe, alale. Siku ya pili atoke saa 12 asubuhi, akivuke kile kipande cha Mombo mpaka Same kabla jua halijawa kali. Kila saa moja asimame, avue helmeti, anyooshe mgongo, anywe maji hata kama hana kiu. Avae koti zito la mikono mirefu, glavu na viatu vilivyofungwa, hata kama kuna joto. Ngozi iliyoachwa wazi kwa upepo inakauka haraka na inaungua. Begi lake mlibebe ninyi kwenye gari, mgongo wake uwe mwepesi. Na awapigie simu akiwa amesimama Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Himo. Muda wa simu ukipita bila yeye kupiga, mjue pa kuanzia kumtafuta.

Kuhusu kukoroma na kusinzia kanisani. Kama akikoroma kuna wakati pumzi inakatika kisha anavuta kama mtu anayekabwa, msikilize usiku mmoja, umhesabie, halafu mwende hospitali mkamweleze daktari hivyohivyo. Kuna ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Mwenye nao analala kwa muda wa saa nane na anaamka amechoka, na unatibika. Msingoje Desemba.

Safari ya kurudi ndiyo ninayoiogopa zaidi, na hukuigusa kabisa kwenye barua. Kwenda, watu wanajiandaa. Kurudi, mtu ametoka kwenye siku kumi za kulala saa 7 usiku, kipaimara hapa, harusi kule, mbege kwa wajomba, na jana yake ndiyo kuagana, anayekuaga bila kukujazia kata anaona amekutukana. Halafu tarehe 2 alfajiri anawasha gari kwa sababu duka limefungwa siku kumi. Pombe ya jana usiku asubuhi bado iko kwenye damu, na usingizi wa mtu aliyekunywa si usingizi. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari mumeo hanywi, wala hakai na wazee kupita saa 3. Mweleze baba mkwe mapema ili asione amedharauliwa. Wazee wanaelewa wakielezwa. Na kama siku ya kuondoka ameamka kichwa kizito, mnaondoka kesho yake. Duka lililokaa siku kumi litakaa ya kumi na moja.

Umeniuliza umwambieje. Usimwambie ndani ya gari, wala usiku wa safari, wala mbele ya mdogo wake. Mwambie siku ya kawaida, ameshakula, watoto wamelala. Usianze na "ulisinzia", kwa sababu yeye anajua hakusinzia, mtabishana juu ya shimo mpaka usiku wa manane. Anza na ulichokisikia: kokoto, jina lake mara mbili, ile chupa kwenye kisigino chako. Mwambie tangu siku ile huwezi kulala kwenye gari lake, na unataka uweze tena. Mwambie na wewe ulikosa, ulilala ukamwacha peke yake. Halafu msomee barua hii kama ataruhusu. Mpelekee na habari ya ng'ombe wangu mweupe, dereva humsikiliza dereva.

Akishalainika, mwombe kitu kimoja: ampigie baba yake. Haraka yote ya tarehe 23 usiku inatokana na mzee anayesubiri asubuhi ya tarehe 24 na mbuzi amefungwa kwenye mgomba. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza mzee kama anataka wajukuu wake wasafiri usiku. Mimi nina wajukuu, na naweza kukuapia jibu lake. Lakini usimpigie wewe kwa siri, mumeo akijua umemshtaki kwa baba yake utakuwa umepoteza yote. Iwe Jumapili hii mkitoka kanisani, yeye ndiye ameshika simu, wewe uko kando yake, na aseme tu, "Baba, mwaka huu tunakuja mchana."